Kimya cha mzee wa Bangwe

Tulikaa barazani kwa mzee mmoja wa Bangwe, hapa Kigoma, tangu saa nne asubuhi. Mimi, dalali wa nyumba na viwanja, na mnunuzi tulipewa viti, mwenyewe akakaa kwenye mkeka, mgongo kauegemeza ukutani, na mjukuu wake akatuletea chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha. Nyumba ilikuwa ya vyumba vinne, tofali za kuchoma, bati limeanza kushika kutu. Nyuma yake uwanja unateremka hadi kwenye mwembe mkubwa, na ukisimama hapo unaliona ziwa lote mbele yako. Mnunuzi alitoka Dar es Salaam na keshokutwa yake alitakiwa awe kazini. Bei tulishaizungumza kwa simu wiki mbili nzima. Kilichobaki ni mzee kutamka tu, "Haya, tuandikiane."

Hakutamka. Alikunywa chai, akaulizia safari, akaulizia mvua za Dar, kisha akanyamaza. Kimya kikawa kirefu mpaka mnunuzi akaanza kutazama saa yake.

Wakati huo nilikuwa na daftari la wateja, na kila jina nililiandikia neno moja pembeni. La mzee niliandika "flegmatiki": mtu mpole, asiyependa mabishano, anayehitaji kusukumwa taratibu ndipo aamue. Basi nikamsukuma. Nikasema, "Baba, mgeni wetu katoka mbali, tukimaliza leo itakuwa heri kwetu sote." Mzee akatazama kule kwenye mwembe, akasema, "Sawa, mwanangu." Ile sawa nikaichukua kuwa ndiyo.

Mchana nikampigia mwanasheria aandae mkataba wa mauziano. Kesho yake simu ya mzee haikupatikana. Alasiri mjukuu akaja mpaka Mwanga, kwenye kibanda changu, akasimama mlangoni bila kuingia. "Babu anasema hauzi tena." Mnunuzi aliondoka na hasira yake, na haki yake ilikuwa. Mimi nilikosa ujira wa miezi miwili ya kuhangaika, lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba watu wa nyumba ile, tukikutana njiani, waliitikia salamu yangu huku wanapita.

Baadaye jirani yao akanieleza. Nyumba ile waliachiwa na baba yao wakiwa wawili, mzee na dada yake aliyeolewa Kasulu. Dada alikuwa hajaulizwa. Mzee alikuwa anamsubiri mtu wa kati, yaani mimi, aulize nani mwingine anahusika, kwa sababu yeye mwenyewe kulitamka lile mbele ya mgeni ilikuwa ni kujivunjia heshima. Na upole niliouandika kwenye daftari? Mwezi mmoja baadaye nilimkuta Ujiji anacheza bao na wenzake chini ya mti. Alikuwa anapiga kelele kuliko wote, anamtania mwenzake kila anaponyang'anywa kete, watu wamejaa wanamsikiliza yeye.

Nasimulia hili kwanza kwa sababu nataka kuzisifia zile aina nne za hulka, na sitaki kuzisifia kwa uongo.

Nilizijua kwenye semina ya akina mama kanisani. Mwalimu alichora visanduku vinne ubaoni: sangwini, mcheshi anayependa watu; koleriki, mwenye haraka na amri; melankoli, anayechunguza kila kitu; na flegmatiki, mtulivu asiyetaka ugomvi. Somo lilikuwa la ndoa, na kila sanduku lilipoelezwa, wanawake walipigana vikumbo na kucheka maana kila mmoja alimwona mume wake ubaoni. Mimi niliona wateja. Nilikaa pale nikawapanga mmoja mmoja: huyu wa Gungu pale, yule wa Katubuka pale. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini maneno yale yale yaliyomfurahisha mteja wa asubuhi yalimkasirisha wa jioni.

Mambo yenyewe ni ya kale sana. Galen, tabibu wa Kiyunani aliyeishi zaidi ya miaka 1,800 iliyopita, alifuata mafundisho kwamba mwili una vimiminika vinne, na kwamba kimoja kikizidi ndicho kinachompa mtu hulka yake: damu, nyongo ya njano, nyongo nyeusi na balghamu, yaani makohozi. Wazee wa Ujiji wanaojua tiba za Kiarabu bado wanalitaja neno balghamu, na hiyo balghamu ndiyo iliyompa flegmatiki jina lake. Habari ya vimiminika sayansi ilishaiacha, majina yakabaki. Mwaka 1928 mwanasaikolojia wa Marekani, William Moulton Marston, alikuja na mgawanyo wake wa namna nne ambazo mtu hukabili mambo, na kutokana na huo wengine wakatengeneza vipimo vya tabia viitwavyo DISC ambavyo leo wauzaji wa nyumba katika nchi nyingi hufundishwa kwenye semina zao. Marston mwenyewe hakutengeneza vipimo hivyo. Alikuwa anaeleza namna watu wanavyoenenda, na hilo mimi nimelishika sana: mtu anaenenda hivi leo, mbele ya huyu, katika jambo hili.

Sasa niwaambie yalivyonisaidia.

Kuna mama mmoja anayenunua dagaa Kibirizi na kuwapeleka Dar. Ujumbe wake wa sauti huwa wa sekunde tisa: "Dada, nataka fremu karibu na soko. Bei gani, iko wapi, ina tatizo gani." Mimi nilikuwa namjibu kwa sauti ya dakika tatu, na salamu, na habari za mwenye fremu, na jinsi eneo linavyokua. Hakuwa anazisikiliza. Nikawa nasononeka kwamba ananidharau. Baada ya ile semina nikambadilishia: mistari mitatu ya maandishi, bei ya mwisho, mahali, na tatizo. La tatizo ndilo liliniogopesha, maana nani anaanza na ubaya wa bidhaa yake? Nikaandika, "Fremu ipo Mwanga sokoni, laki moja na nusu kwa mwezi, miezi sita. Bati la nyuma linavuja." Akajibu baada ya dakika moja: "Nakuja saa nane." Alikuja, akatazama lile bati, akakubaliana na mwenye nyumba kwamba atalibadilisha yeye na gharama ikatwe kwenye kodi. Mtu wa namna hii ukimficha tatizo akalikuta mwenyewe, umemkosa maisha. Ukimtajia la kwanza, anakuamini kwa yote yanayofuata. Tangu siku hiyo ameniletea wateja ambao hesabu yao nimeipoteza.

Hapohapo niseme jambo kuhusu wateja wanaovuka ziwa kutoka Kalemie na Uvira. Mara nyingi nimesikia madalali wenzangu wakisema, "Wakongo wote koleriki." Si kweli. Kiswahili cha ng'ambo hakina shikamoo, wao husema jambo kwa mkubwa na mdogo, na mtu wa huko akikwambia "unipe bei" hajakuamrisha. Ndivyo lugha yake inavyoomba. Nimewahi kumhudumia baba mmoja wa Uvira ambaye simuni nilimdhani mkali kama pilipili, kumbe ni mtu wa aibu kabisa, hata kuomba aonyeshwe choo alishindwa. Nilimpatia nyumba ya kupanga. Kununua ardhi hakuweza, kwa kuwa Sheria ya Ardhi ya 1999 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji na kwa utaratibu wake maalumu, na hilo nilimwambia siku ya kwanza kabla hajaanza kuota.

Sangwini ndiye mteja mtamu kuliko wote na ndiye anayetaka ulinzi kuliko wote. Nilipata kijana mmoja aliyehamishiwa Kigoma kikazi, mcheshi, wa kupiga picha kila kitu. Alipata kiwanja kando ya ziwa kwa mtu mwingine akaniomba nikamtazamie. Tulifika jioni, jua linazama nyuma ya milima ya Kongo, maji yamekuwa mekundu. Kabla hatujakanyaga mpaka wa kwanza alikuwa ameshamtumia mchumba wake picha saba na kuandika, "Nyumbani." Nikamwambia sheria ya mazingira inataka mita 60 kutoka ukingo wa maji bila ujenzi. Akasema, "Dada, nitaongea nao." Nikamwambia ziwa lilipanda 2020 na 2021, likapanda tena 2024. Akasema, "Litashuka." Takwimu haziingii kwa mtu ambaye tayari anaishi ndani ya picha. Basi nikamshika mkono nikampeleka nyumba ya tatu kutoka pale. Mama mwenye nyumba akatukaribisha, nikamwomba amwonyeshe ukuta wa sebuleni. Alama ya maji ilikuwa imepita juu kidogo ya goti, rangi ya udongo, imenyooka kama imepigwa rula. Chini yake plasta imevimba na kubanduka. Yule mama akapeleka kidole juu ya mstari kutoka mlangoni mpaka kwenye kona, akasema, "Kitanda tulikiweka juu ya matofali wiki tatu." Kijana akanyamaza. Njiani kurudi hakupiga picha hata moja. Tulimpatia kiwanja kilichopimwa Businde, ziwa halionekani, na mchumba wake sasa ni mkewe na wanakaa humo.

Mtu wa hivi haonyeshwi karatasi kwanza, anaonyeshwa ukuta. Wa melankoli ni kinyume chake.

Mwalimu wa sekondari alikuja na futikamba yake mwenyewe na maswali 14 kwenye karatasi ya daftari la mazoezi. Kiwanja kilisemwa ni 20 kwa 20. Alipima, upande mmoja ukatoka mita 19 na sentimita 40. Akapima mara ya pili. Zamani ningeona ananishuku, ningesema neno ambalo sisi madalali tunalo mdomoni kutwa: "Usijali, mwalimu." Kwa mtu wa aina hii hilo ni neno baya kuliko yote. Kujali ndiko kunakomfanya alale usingizi. Swali lake la tisa lilikuwa: hati hii ya miaka 33 imetolewa 1998, kwa hiyo inaisha 2031, kuiomba upya ni taratibu gani na ada gani? Sikujua. Nikamwambia, "Mwalimu, hilo silijui. Kesho saa tatu nitakuwa nimetoka ofisi ya ardhi na jibu." Saa tatu kasoro nikawa mlangoni kwake na jibu pamoja na majibu ya upekuzi wa hati. Alinunua baada ya wiki tano, bei ikiwa imepunguzwa kwa zile sentimita 60. Mwenye kiwanja alilalamika sana, lakini futikamba ilikuwa pale.

Naja kwa flegmatiki, na hapa ndipo nimejifunza kuliko kote, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea.

Mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi ziwa Tanganyika tangu Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Nilikuwa nasimamia nyumba moja yenye wapangaji sita, wanne wanaishi kwa ziwa. Mwenye nyumba, mtu wa haraka, alinituma kwa baharia mmoja ambaye kodi yake ilikuwa imekwisha Juni. Nikamkuta amekaa kizingitini anashona nyavu. Nikamuuliza, "Kaka, mwisho wa mwezi utaweza?" Akasema, "Sawa." Mwisho wa mwezi hana kitu. "Katikati ya Julai?" "Sawa." Hana kitu. Mwenye nyumba akasema huyu ni mjanja. Mimi nikasema hapana, ni flegmatiki, hajui kukataa. Wote wawili tulikosea. Nikarudi mara ya tatu, safari hii nikakaa chini, sikuuliza utaweza lini. Nikauliza, "Ziwa likifunguliwa, hela inaingiaje mkononi mwako?" Akaweka nyavu chini. Akanieleza kwa kirefu kabisa, mtu niliyedhani hana maneno: kwamba dagaa wanavuliwa kwa taa siku za giza, kwamba mbalamwezi ikikomaa wanapumzika, kwamba mgao wao wanagawana giza likiisha, na mwenye mtumbwi anatoa mafuta yake kwanza. "Ninyi mnanidai tarehe," alisema, "mimi nalipwa na mwezi wa juu." Tukaondoka kwenye tarehe. Tukaandikiana kwamba atalipa kila giza linapoisha, kidogo kidogo, mpaka deni liishe. Alilimaliza kabla mwaka haujaisha.

Yule hakuwa flegmatiki wala mjanja. Alikuwa mtu asiye na jibu kwa swali nililokuwa namuuliza. Tangu hapo, kila nikitaka kumpa mtu jina la hulka najiuliza kwanza hali yake: amefiwa? anadaiwa? mbele ya nani anaongea? anayeamua ni yeye? Hali humnyamazisha mcheshi na kumfanya mpole awe mkali. Hata wataalamu wa saikolojia wamelalamikia jambo hili. Kipimo kinachogawa watu katika aina 16, kilichotungwa na Mmarekani Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers kwa kujengea juu ya kazi ya Carl Jung, kinapendwa sana makazini, lakini wako wengi ambao wakikirudia baada ya wiki chache wanatoka na aina nyingine. Ndiyo maana watafiti wengi siku hizi wanapima sifa tano ambazo kila mtu anazo kwa kiwango chake, hawamfungii mtu ndani ya sanduku.

Kwa hiyo daftari langu nimelibadilisha. Maneno ya hulka sikuyafuta, ila sasa nayaandika pembeni ya jina langu. Mimi ni mtu wa maneno, nikiona kimya nakijaza. Kulijua hilo kumenifaa kuliko kujua hulka ya mteja yeyote, kwa sababu ulimi ninaoweza kuubadilisha ni wangu. Pembeni ya jina la mteja naandika mambo matatu: swali lake la kwanza, neno lake la mwisho kabla hatujaagana, na nani mwingine.

Hilo la tatu lina namna yake ya kuulizwa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na dalali anayejua kazi yake lazima aulize. Lakini ukimwambia baba wa watu, "Mkeo amekubali?" umemvua nguo mbele ya wageni. Mimi husema, "Mama yupo? Ningependa nimwamkie kabla hatujaendelea." Mama akitoka, akaamkiwa, akakaa, mambo yote yanajulikana ndani ya dakika tano. Kama hajui chochote, utamwona anavyomtazama mumewe.

Na kuna jambo nalisema bila kupepesa macho, kwa sababu limeenea. Wapo wanaojifunza hulka za watu ili wajue wa kumbebesha cha juu. Huyu sangwini, amependa tayari, ongeza milioni. Huyu mpole, mharakishe aweke sahihi kabla hajaongea na ndugu zake. Ni wizi. Mtu amekuza hela hiyo kwa mawese, kwa dagaa, kwa mshahara wa miaka kumi, anaiweka mkononi mwako kwa kuwa amekuona unamwelewa. Kumwelewa mtu kisha ukamgeuzia ule uelewa kuwa kamba ya kumfunga ni vibaya kuliko kumwibia usiyemjua.

Mzee wa Bangwe alinipigia mwenyewe, miaka miwili baadaye. Alisema tu, "Njoo Jumamosi, dada yangu atakuwepo." Nilikwenda peke yangu, bila mnunuzi na bila karatasi. Dada mtu alikuwa amefika na basi la asubuhi kutoka Kasulu, mama wa makamo mrefu, kitenge kimefungwa vizuri. Nikapiga magoti kidogo nikamwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye yule binti wa ile mara ya kwanza?"

"Ndiye mimi, mama. Naomba mnisamehe."

Hakujibu. Tukanywa chai. Mzee akanyamaza, dada akanyamaza, na mimi, kwa jitihada ambayo nilihisi mpaka kwenye meno, nikanyamaza. Mihogo ikapoa. Mtumbwi mmoja ulipita chini huko, tukausikia injini yake mpaka ikapotea upande wa Kibirizi. Kisha dada akanyanyuka, akasema, "Twende," akatangulia kushuka uwanjani.

Chini ya mwembe, upande ambao haukuonekana kutoka barazani, kulikuwa na makaburi mawili yaliyozungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Baba yao na mama yao. Mara ile ya kwanza nilikuwa nimeuzunguka uwanja ule wote na mnunuzi kasoro pembe hiyo, kwa kuwa niliharakisha kumwonyesha ziwa.

"Haya hayauzwi," alisema. "Na njia ya kuyafikia haiuzwi."

Nikamwambia inawezekana, iandikwe ndani ya mkataba, sehemu ya familia itengwe kwa vipimo na njia yake, na mnunuzi ajaye aelezwe kabla hajauliza bei. Nikatoa futikamba kwenye mkoba. Dada akashika ncha moja akasimama kwenye jiwe la kona, mimi nikarudi nyuma na nyingine. Mita sita kwa nne, na njia ya mita moja na nusu hadi barabarani. Mzee alisimama kati yetu akihakikisha kamba haigusi mawe, na alipoona nimeandika tarakimu akasema, "Isome tena, mwanangu, kwa sauti." Nikaisoma.